Adapta Kwanza, Hedifoni Baadaye

Watu hunitumia picha. Mtu kaona mahali hedifoni za kizamani za Kijapani, zile za umeme tuli, bei inavutia, muuzaji yuko Osaka au Manchester, na swali ni moja: "Kaka, nichukue?" Jibu langu nalo ni moja: adapta iko wapi? Kama haimo kwenye picha, mimi naishia hapo. Sisi tunaoishi Dar hatununui hedifoni hizi kwa kuzitazama zenyewe. Tunanunua lile boksi zito la bati linalokuja nazo, ambalo muuzaji mara nyingi amelisukumia pembeni hadi nusu yake haionekani.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nazo, hedifoni ya kawaida ina koili ndogo na sumaku, sawasawa na spika yoyote. Hizi hazina. Kila upande una utando wa plastiki wenye unene wa mikroni chache tu, wakati unywele wa kichwani una mikroni 50 au zaidi. Utando umepakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida sana, kisha ukawambwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Unachajiwa kwa volti nyingi zisizobadilika, ndizo zinazoitwa bayasi, halafu muziki unapelekwa kwenye zile sahani mbili kwa kupishana: moja ikivuta, nyingine inasukuma. Utando unasogea wote kwa pamoja kwa sababu nguvu inaushika kila mahali, na ni mwepesi kiasi kwamba unakwenda na sauti bila kuchelewa. Gitaa la solo unalisikia hadi pale kidole kinapoachia waya.

Stax wa Japani ndio waliotangulia kuziuza, mwaka 1960, kwa jina la SR-1. Zile za umbo la mstatili ambazo wengi wanazitafuta, SR-Lambda, zilitoka mwaka 1979. Koss wa Marekani walitengeneza zao, na Sennheiser wa Ujerumani mwaka 1991 wakatoa Orpheus, seti 300 tu. Hiyo tuiache, haituhusu mimi na wewe.

Turudi kwenye boksi. Ampli ya kawaida ya nyumbani inatoa volti chache kwenda kwenye spika, lakini sahani za hedifoni hizi zinataka mamia. Ndani ya adapta kuna transfoma mbili, ya kushoto na ya kulia, kazi yake kuzipandisha. Pembeni kuna sakiti ndogo ya dayodi na kapasita inayotengeneza bayasi, na mbele kuna swichi ya kuchagua kama unataka kusikiliza spika au hedifoni. Waya zake za nyuma unaziunga kwenye matundu ya spika ya ampli, halafu spika zako unaziunga kwenye adapta. Hakuna programu wala bluetuthi. Ni chuma, shaba na plastiki ya zaidi ya miaka 40, na kwa fundi mwenye subira karibu kila kitu kilichomo kinatengenezeka.

Bayasi ziko za namna mbili kwa hizi za Stax. Za zamani zinatumia volti 200 hadi 230, na plagi yake ina pini 6. Zilizofuata, zenye neno Pro, zinatumia volti 580, na plagi yake ina pini 5, ile ya katikati haipo. Ukichomeka hedifoni ya Pro kwenye soketi ya zamani inaingia na kulia, ila kwa sauti ndogo. Ukijaribu kuchomeka ya zamani kwenye soketi ya Pro haiingii, kwa sababu pini ya katikati haina pa kwenda. Na ni bora hivyo, maana utando uliozoea 230 ukipewa 580 unaweza kuvutwa ukagandamana na sahani. Kwa hiyo nikiletewa hedifoni ya zamani huwa naanza kutazama plagi kwa karibu. Kama pini ya katikati imekatwa na kubaki kisiki, nami naona alama za koleo, najua kuna mtu alilazimisha mambo, na bei lazima ishuke.

Kuna jamaa wa tatu anayefanana nao kwa sura lakini ni mwingine kabisa: elektreti. Utando wake, au sahani zake, hubeba chaji ya kudumu tangu kiwandani, kwa hiyo adapta yake haina bayasi kabisa. SR-40 na SR-44 ni za ukoo huo, na kampuni nyingine za Kijapani zilitengeneza nyingi miaka ya 1970. Ubaya wake ni kwamba ile chaji ya kudumu hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na ikishapungua huna pa kuiongezea. Mimi sizinunui hata nikiambiwa ni mpya ndani ya boksi. Na mtu akikuuzia adapta ya elektreti akisema "inaingia tu" kwenye Lambda, kuingia inaweza kuingia. Kulia vizuri haitalia.

Sasa shida yenyewe ya Dar. Japani umeme wa ukutani ni volti 100. Wetu ni 230.

Kuna duka moja Kariakoo la vitu vya kontena: redio za mtumba, spika, pasi, vyerehani, vyote vimepangwa hadi darini. Kijana wa pale alinipigia akasema kapata "hedifoni za pembe nne". Nikajua. Nilipofika alikuwa ameshazifuta, SR-Lambda kabisa, na adapta yake SRD-7 yenye plagi bapa ya pini mbili. Mkononi ameshika kile kiunganishi cha kubadilishia plagi, anataka kunijaribishia.

"Dogo, usichomeke kwanza."

"Mbona inaingia, broo?"

"Inaingia, ndiyo. Igeuze nyuma, soma."

Akaigeuza, akafuta bati kwa kidole gumba. 100V, 50/60Hz.

"Kwa hiyo mbovu?"

"Si mbovu. Ya kwao."

Hesabu yake ni nyepesi. 230 ukigawanya kwa 100 unapata 2.3. Sakiti ya bayasi ni ya kuzidisha volti inazopewa, kwa hiyo iliyopangwa kutoa 230 itajaribu kutoa karibu 530. Kapasita zake hazikuagizwa kwa kazi hiyo. Zikiwa na bahati zitavimba. Zisipokuwa na bahati zitapasuka, na kabla hazijapasuka utando utakuwa umekwisha kuonja. Baadhi ya adapta zina sehemu ya kubadilishia volti ndani au chini, kwa hiyo kabla hujakata tamaa fungua skrubu zake utazame. Nyingine hazina.

Kariakoo wanauza transfoma za kushusha 230 kwenda 110, zile za watu waliorudi na mashine kutoka Marekani. 110 badala ya 100 ni asilimia 10 zaidi, yaani bayasi ya 230 inakuwa kama 253. Hedifoni nyingi zitavumilia. Mimi sipendi. Vitu hivi ni vizee, na sioni sababu ya kumsukuma mzee aliyekwisha choka wakati mtaani Gerezani wapo mafundi wa kusuka mota. Nilikwenda kwa mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, amekaa kwenye kigoda, waya za shaba zimemzunguka miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mota gani?"

"Si mota, mzee. Nataka transfoma ya 230 kwenda 100."

"Wati?"

"Haifiki kumi."

Akanitazama juu ya miwani. "Hiyo utanilipa pesa ya soda."

Hakunichaji pesa ya soda, lakini kazi ilikuwa safi. Alisuka upande wa 230 kwa waya mwembamba, akaweka karatasi ya kuhami tabaka juu ya tabaka, akasuka upande wa pili, akakizamisha chote kwenye vanishi. Nilipoifuata alikuwa ameichomeka tayari, mita iko juu ya meza inasoma 101. Nikaiongezea fyuzi ya nusu ampea upande wa kuingilia, naye akaona napoteza pesa. Kitu ndani kikipiga shoti, ile fyuzi ndiyo inayotakiwa kufa, isiungue transfoma.

Kama hutaki habari hizi za kusuka, tafuta adapta zenye herufi SB mwishoni, kama SRD-7/SB. Hizo hazina waya wa ukutani kabisa. Zinachukua bayasi kutoka kwenye muziki wenyewe. Unawasha ampli, unapiga wimbo, sauti inaanza dhaifu, baada ya muda mfupi inakaa sawa. Wapenzi wa Ulaya na Marekani naona wanazidharau kidogo, kwa kuwa bayasi yake inategemea unachosikiliza. Wana haki yao. Lakini wao hawana tofauti ya 100 na 230 kwenye kila ununuzi, wala umeme wa kukatika katikati ya wimbo. Kwa mnunuzi wa kwanza wa Dar, SB ingekuwa chaguo langu.

Kupima bayasi ndiko kunakowatoa watu jasho, na adapta nyingi nzima zimeitwa mbovu kwa sababu ya mita. Baada ya sakiti ya bayasi huwekwa rezista kubwa ya megaomu kadhaa, kusudi mkondo uwe mdogo mno wa kuweza kukudhuru au kuunguza utando. Mita yetu ya kawaida ya dijitali nayo ndani yake ni kama rezista ya megaomu 10. Ukigusisha mita, zile rezista mbili zinagawana volti. Tuseme ya adapta ni megaomu 4.7: bayasi ya 230 utaisoma kama 156, na ile ya 580 utaisoma kama 395. Mtu anaona 156, anaanza kubadilisha kapasita zisizo na kosa.

Dawa yake ipo. Nunua rezista tisa za megaomu 10, rangi zake ni kahawia, nyeusi, buluu. Zilehemu kwa mfuatano, moja mkiani mwa nyingine, ukate miguu iwe mifupi, uzitumbukize kwenye ganda la kalamu ya mpira iliyokwisha wino. Upande mmoja utoe ncha ya kugusia, upande wa pili waya wa kwenda kwenye mita. Sasa jumla ni megaomu 100, na mita inakuonyesha sehemu ya kumi ya volti zilizopo. Ukisoma 22, una 220, na ukijumlisha kile kidogo kinacholiwa na rezista ya adapta uko pale pale panapotakiwa. Kalamu yangu nimeifunga kwa utepe wa kuhami mwekundu ili mtoto asiichukue kuandikia.

Hapo niseme jambo moja kwa sauti ya juu kidogo. Bayasi yenyewe mkondo wake ni mdogo, lakini ndani ya adapta kuna umeme wa ukutani, na transfoma za muziki zinatoa mamia ya volti ampli ikipandishwa. Kapasita nazo hubaki na chaji baada ya kuchomoa. Chomoa, subiri, zimalize chaji kwa kupitisha kwenye rezista, usizipige shoti kwa bisibisi ili uone cheche. Na mkono mmoja ukae mfukoni wakati unapima kitu kinachowaka.

Adapta ikishakuwa nzima, adui anayebaki ni hewa. Ninakaa Kigamboni, nikifungua dirisha la sebule upepo wa bahari unaingia na chumvi yake. Utando unashika chaji kwa sababu hauna pa kuipeleka, lakini unyevu, chumvi na vumbi vikikaa kwenye kingo zake, chaji inapata njia. Wakati wa masika ndipo mtu anakwambia hedifoni zake zimeharibika: upande wa kulia sauti imeshuka, au kuna mluzi mwembamba nyuma ya muziki, au mivumo inayokuja na kuondoka. Mara nyingi hazijaharibika. Zimelowa unyevu.

Usizianike juani, plastiki yake ya zamani itapinda na gundi itaachia. Usizipulizie kikausha nywele pia; upepo ule una joto na nguvu kuliko utando unavyoweza kustahimili. Tafuta kontena la plastiki la kuhifadhia unga lenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu na mikoba, vingi, si viwili, kisha weka hedifoni humo ukafunge. Ziache zilale, na zaidi ya usiku mmoja kama mvua imekuwa ya kufululiza. Silika nazo huchoka. Ziko zinazobadilika rangi zikishiba maji, na unaweza kuzirudisha kwa kuzipasha kwenye sufuria kwa moto mdogo, ila hiyo sufuria usiipikie tena, hasa kama chembe zake ni za buluu, maana ile rangi ni sumu. Mimi hedifoni zangu haziishi mezani. Nikimaliza kusikiliza zinarudi kontenani, mwaka mzima, kaskazi na kusi.

Na kama zimekaa miezi bila kutumika, kabla hujahukumu ziache kwenye adapta ikiwa imewashwa kwa saa kadhaa. Upande uliochoka mara nyingi hujikusanyia chaji na kurudi.

Kujua kama pande mbili ziko sawa kunahitaji muziki wa mono, yaani sauti ile ile kushoto na kulia, na hapo Watanzania tumebarikiwa bila kujua. Rekodi nyingi za dansi zilizofanywa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 ni za mono. Wimbo wowote wa wakati ule unafaa, ili mradi sauti ya mwimbaji imetulia. Kwenye mono mwimbaji anatakiwa kukaa katikati ya kichwa chako, kwenye paji la uso au nyuma yake kidogo, asihame. Akihamia kushoto, upande wa kulia una upungufu. Sikiliza pia kama anahama kwa noti za juu tu au kwa zote. Akihama kwa zote, chaji haitoshi au kimojawapo cha vifaa vinavyopitisha muziki hadi hedifoni kina kasoro. Akihama kwa noti za juu tu, huenda kifuniko cha vumbi kimelegea au sponji iliyooza imeganda mbele ya utando.

Ukishagundua upande, badilisha waya za kushoto na kulia pale zinapoingia kwenye ampli. Udhaifu ukihamia sikio la pili, kosa liko kabla ya ampli. Ukibaki pale pale, songa hatua moja mbele: rudisha waya hizo zilivyokuwa, kisha badilisha kati ya ampli na adapta. Ukihama sasa, ampli ndiyo mgonjwa. Ukibaki pale pale tena, ni adapta au hedifoni, na hapo ndipo inasaidia kuwa na rafiki mwenye adapta ya pili. Ni kazi ya kuchosha lakini inakuzuia kufungua kitu kisicho na kosa, na hedifoni hizi kila ukizifungua unaziingizia vumbi.

Zikilazimika kufunguliwa, fungua usiku, feni ikiwa imezimwa, meza umeipangusa kwa kitambaa kibichi. Mito ya masikio huondoka kwanza, imeshikwa kwa gundi tu. Chini yake kwenye hedifoni za umri huu mara nyingi utakuta sponji ambayo zamani ilikuwa nyeusi na laini na sasa ni uji unaonata au vumbi la kahawia. Itoe yote kwa kibano, kipande kimoja kimoja, ukiwa umeinamisha kifaa ili vinavyoanguka vianguke chini, visiingie ndani. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina mate.

Nyuma ya sponji ndipo kilipo kifuniko cha vumbi: plastiki nyembamba mno, inang'aa, imewambwa juu ya fremu. Watu hukidhani ndio utando. Kazi yake ni kuzuia jasho na nywele zisifike kwenye sahani, maana unywele mmoja ukiingia kati ya sahani na utando unakuletea milio ya cheche ambayo hutaisahau. Kikiwa kimechanika, kibadilishe. Plastiki halisi ya kazi hii inaagizwa. Ikisubiriwa, ile plastiki ya kufunikia chakula ya supamaketi inashika nafasi. Ilaze juu ya fremu bila kuivuta sana, weka gundi kidogo kwenye kingo, kata ziada kwa wembe mpya. Itafunika kidogo zile noti za juu, matoazi yatakuwa mbali zaidi kuliko yalivyo, lakini utando uko salama. Ukiwamba sana inakuwa ngoma yenyewe.

Utando halisi mimi siugusi. Wapo wanaoupaka dawa upya, wengine wanawamba mpya kabisa, na nawaheshimu. Inahitaji chumba kisicho na vumbi, na nyumba yangu iko mita chache kutoka barabara ya vumbi. Utando ukiwa umekufa natafuta seti nyingine mbovu yenye upande mzima, nauhamisha. Ndiyo sababu huwa nanunua hata zilizovunjika fremu, bei yake ikiwa ya kuvunjika.

Mito mipya nilishonewa na fundi viatu, ngozi bandia laini na sponji ya godoro aliyoikata kwa kisu chenye makali hadi ikawa duara safi. Alitaka kuongeza urembo wa uzi mweupe pembeni. Nikamwacha, ikatoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Sponji isiwe nene kupita ya awali, maana sikio likikaa mbali besi inapungua.

Kitu kimoja kisikuogopeshe. Ukizivaa au kuzibana kichwani kwa haraka zinatoa kijisauti cha aibu, ambacho watoto wangu wakikisikia wanatazamana na kucheka. Hewa iliyobanwa imeusukuma utando, basi. Zote zenye mito inayoziba vizuri hufanya hivyo. Kama haifanyi kabisa, huenda mto haujaziba.

Kuhusu kuagiza sina mengi. Minada ya Japani inahitaji wakala wa kununua na kusafirisha, na adapta ni nzito, kwa hiyo usafiri unaweza kukaribia bei ya mzigo. Ukifika kuna kodi, VAT peke yake ni asilimia 18, na inahesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri, bima na ushuru wa forodha. Fanya hesabu hiyo kabla ya kubofya, si baada. Muuzaji mwombe picha tatu: bati la nyuma la adapta lenye volti, plagi ya hedifoni kwa mbele pini zikionekana, na sahani za ndani mito ikiwa imeondolewa. Asiyetaka kutoa mito mwombe ya kwanza na ya pili. Akikataa zote, mwache na mzigo wake. Niliwahi kupokea boksi ambalo adapta yake ilikuwa ndani ya karatasi moja tu ya gazeti, na transfoma imekata lehemu kwa kutikisika njiani. Tangu hapo naandika kabisa kwenye ujumbe jinsi ninavyotaka kufungiwa, na nalipia.

Mwisho ni ampli. Hizi ndogo za kisasa zinazouzwa kila kona, za ukubwa wa kiganja, nyingi zimeundwa kwa mtindo ambao waya hasi wa spika si ardhi. Waya huo nao una umeme wake. Adapta nyingine zimeunganisha hasi ya kushoto na ya kulia ndani kwa ndani. Ukizikutanisha hizo mbili, ampli inaweza kuungua kabla hujasikia noti. Weka mita kwenye omu, gusa hasi mbili za adapta ikiwa haijaungwa popote. Ikisoma karibu na sifuri, ampli hiyo usiitumie. Ampli za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980, zile nzito zenye vitufe vya chuma, nyingi hasi zake ni za pamoja, na adapta hizi ziliundwa zikilenga ampli za namna hiyo. Kariakoo bado zinapatikana, bei ni ya kuzungumza, na wati 15 au 20 kwa upande zinatosha kabisa.